Mchoro wa mteja ndani ya siku saba: mwongozo kamili wa wiki ya mchoraji

Oda za Kampala huja na haraka zake. Mteja ana sherehe ya kwanjula (utambulisho wa mchumba kwa wazazi) Jumapili, au shangazi yake anarudi Nairobi na basi la usiku, na anataka mchoro wa bibi yao uwe tayari. Picha ameshakutumia kwa simu. Unakubali.

Wengi hukwama hapohapo, tena kwa mtindo uleule. Jumanne wanapaka rangi juu ya kitambaa kilichopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi) asubuhi hiyohiyo. Alhamisi rangi inanywewa na kitambaa, wanarudia. Jumamosi wanakesha chini ya balbu ya njano. Jumapili mchoro unafungwa kwa nailoni ungali mbichi, na mteja anapoufungua nailoni inatoka na nusu ya shavu la bibi.

Kipaji wanacho, ila ratiba yao haikuhesabu muda wa vitu kukauka. Katika siku saba, brashi inagusa uso wa mtu kwa siku mbili tu, mbili na nusu ukizidisha. Muda uliobaki ni wa mbao, gundi, jeso, kusubiri, kupiga picha na kufunga kamba. Anayekubali hilo humaliza Ijumaa jioni na kulala.

Mfano nitakaoufuata hadi mwisho ni mchoro wa bibi kizee aliyevaa gomesi (vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda), ukubwa wa sentimita 60 kwa 80, kwa rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji. Rangi ya mafuta haimo humu. Yenyewe hukauka polepole kwa kushikana na hewa, na kwa desturi vanishi yake husubiri miezi sita hadi mwaka. Mteja aking'ang'ania mafuta, mpe tarehe nyingine.

## Vifaa, vyote viwe mkononi Jumatatu

- Mbao kavu ya inchi 2 kwa 1, mita 3.5. Fremu itakula mita 2.8, inayobaki ni ya mhimili wa katikati na ya akiba.
- Kanvasi ya pamba, sentimita 75 kwa 95. Amerikani nzito inafaa ukiikunja na mwanga usipenye.
- Pembetatu nne za plaiwudi za kona, misumari midogo, gundi nyeupe ya seremala.
- Stepla ya kupigia mbao na pini za milimita 8 au 10.
- Jeso ya akriliki, nusu lita inatosha na kubaki.
- Msasa laini, namba 220.
- Akriliki: nyeupe ya titaniamu, njano ya oka (njano ya udongo), nyekundu moja kali, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), bluu ya altramarini. Nyeusi iache dukani, sababu utaiona Alhamisi.
- Brashi pana ya inchi 2, bapa mbili, na ya mviringo ndogo moja.
- Chupa ya kunyunyizia maji, sahani mbili, vitambaa vikuukuu, karatasi ya kuokea.
- Vanishi ya akriliki.
- Kadibodi, nailoni ya mapovu, selotepu, kamba.
- Daftari na kitabu cha risiti.

Mbao zitafute mtaa wa Ndeeba. Kuhusu rangi, waulize wanafunzi wa Shule ya Sanaa ya Margaret Trowell pale Chuo Kikuu cha Makerere, maana wao ndio wanaojua wiki hii duka gani limeleta akriliki nzuri na lipi limeleta maji yenye rangi.

Tahadhari: usichanganye akriliki na rangi za maji za watoto wa shule, hata kama chupa zinafanana. Za shule huyeyuka tena zikiguswa na maji. Mkono wa pili wa rangi utauvuruga wa kwanza, na utadhani umekosea wewe.

## Hatua ya 1. Jumatatu asubuhi: makubaliano

Mteja wa Kampala ana msemo wake: "Fundi, we anza tu, hela utapata ukimaliza."

Jibu lako liwe la upole, lakini lisiwe na mwanya: "Sawa mama, ila mbao na kanvasi vinanunuliwa leo. Nusu ikiingia mchana huu, Jumapili unakuja kuchukua."

Nusu hiyo si tamaa. Ndiyo inayonunua vifaa, na mteja aliyeshaweka pesa hatabadili mawazo Alhamisi. Isipoingia, usikate hata ubao mmoja.

Andika karatasi moja yenye ukubwa, picha itakayotumika, bei, kiasi kilicholipwa, siku ya kukabidhi, na idadi ya marekebisho. Mimi huruhusu rekebisho moja, tena hatua ya 6 na si baada ya hapo. Wote wawili mtie sahihi.

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mtu huisahau: *hakimiliki ya mchoro inabaki kwa mchoraji*. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, pasipo mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Maana yake, usipoandika kitu, mteja anaweza kuchapisha bibi yake kwenye kalenda na vikombe na wewe huna neno. Kwa picha ya familia huenda usijali. Kwa mchoro wa hoteli au kampuni, utajali sana.

Picha aitume kama faili la waraka, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Ikitumwa kawaida hubanwa, na makunyanzi unayoyahitaji hugeuka ukungu.

### Bei inavyokokotolewa

Tuseme vifaa ni shilingi 150,000. Siku tano za kazi unazipa 60,000 kila moja, jumla 300,000. Sehemu ya kodi ya studio na usafiri, 50,000. Hiyo ni 500,000, na chini ya hapo unamlipia mteja.

Mchoro kama huo ukiupeleka galari (nyumba ya kuonyesha na kuuza sanaa) inayochukua asilimia 40, hapo ndipo hesabu huwaponyoka watu. Wanaongeza asilimia 40 juu ya 500,000, wanapata 700,000, wanaridhika. Galari inakata 280,000, wao wanabaki na 420,000. Gawanya 500,000 kwa 0.6 na utapata kama 833,000, hiyo ndiyo bei ya ukutani. Na mteja anayekuja moja kwa moja studio usimuuzie kwa nusu ya bei ya galari, maana habari husafiri na galari haitakupigia tena.

Umefaulu ikiwa: pesa ya nusu imeingia, karatasi ina sahihi mbili, na picha ni kali ukiikuza hadi macho.

## Hatua ya 2. Jumatatu mchana: fremu

Muuza mbao yeyote atakwambia, "Hii imekauka kabisa, bosi." Chukua vipande viwili uvigonganishe. Mbao kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha weka ubao shavuni, ukihisi ubaridi kuna maji ndani. Mwisho, funga jicho moja uangalie kwa urefu wake kama umepinda.

Msonobari mkavu ndio rahisi kufanyia kazi. Mkaratusi uache kwa wajenzi, hujikunja na kupasuka unapokauka, na fremu iliyojikunja itaning'inia ukutani kona moja ikiwa mbele.

Kata vipande viwili vya 80 na viwili vya 60, kona zikatwe kwa nyuzi 45. Ukingo wa mbele wa ndani upunguze kwa randa ili kanvasi iguse ukingo wa nje pekee. Usipofanya hivyo, baada ya siku chache mstari wa mbao utajichora wenyewe kwenye anga ya mchoro wako, na hakuna rangi itakayouficha.

Paka gundi kwenye kona, unganisha, kisha pima kutoka kona hadi kona. Kwa fremu ya 60 kwa 80, mshazari ni sentimita 100 kamili, upande huu na ule. Ukipata 99 na 101, fremu imelala, isukume kabla gundi haijashika. Baada ya hapo ndipo unapigilia pembetatu za plaiwudi nyuma na kuweka mhimili wa katikati.

Umefaulu ikiwa: mishazari yote miwili ni 100, na fremu ikilazwa sakafuni haichezi.

## Hatua ya 3. Jumatatu jioni: kuvuta kanvasi

Laza kanvasi, weka fremu juu yake, nyuzi za kitambaa ziende sambamba na mbao. Piga pini moja katikati ya upande mrefu. Nenda upande wa pili unaotazamana nao, vuta, piga. Kisha pande fupi kwa namna hiyohiyo. Sasa una pini nne na mikunjo inayofanana na almasi katikati.

Toka katikati kwenda kona, pini moja kushoto, moja kulia, kila mara ukihamia upande unaotazamana. Anayeanzia kona na kuzunguka husukuma kitambaa chote upande mmoja, na mkunjo utakaobaki kona ya mwisho hautaondoka hata ukilia.

Usivute kama ngozi ya ngoma, bado. Pamba ikiguswa na maji ya gundi na jeso hujikaza yenyewe, na fremu nyepesi ukishaikaza mno itapinda. Vuta ikae sawa tu, bila mawimbi.

Kona zikunje kama shuka la hospitali, mkunjo uwe juu na chini, usiwe pembeni.

Changanya gundi nyeupe sehemu moja na maji sehemu tatu, paka mkono mmoja mwembamba, uache ulale hadi asubuhi. Gundi inaziba vinyweleo vya kitambaa ili jeso isipenye nyuma na kufanya madoa.

Umefaulu ikiwa: asubuhi ukigonga kwa kidole kanvasi inalia, na nyuma hakuna unyevu.

Wapo watakaouliza kuhusu lubugo, kitambaa cha gome la mti. Ni kitambaa kizuri na wateja wa nje wanakipenda, lakini kina matundu, kinararuka kwenye stepla, na hunywa rangi bila kushiba. Kibandike kwanza juu ya kanvasi kwa gundi, ukikandamize chini ya ubao mzito, uongeze siku nzima. Kwa oda ya wiki moja, usikiguse.

## Hatua ya 4. Jumanne: jeso, na siku ya mambo mengine

Mkono wa kwanza upake saa mbili asubuhi, brashi ikienda juu na chini. Ukauke. Pitisha msasa kidogo, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Mkono wa pili upake ukienda kushoto na kulia. Kwa uso wa mtu ongeza wa tatu, kwa sababu kitambaa chenye meno makali hukufanya upiganie kila kope.

Jua likiwaka, mkono mmoja hukauka kwa saa mbili hivi. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ya mchana hupandisha unyevu na muda huo unaweza kuongezeka maradufu. Ndiyo maana unaanza asubuhi. Kuweka kanvasi juani ili "iwahi" hukausha ngozi ya juu wakati chini bado ni mbichi, na nyufa huanzia hapo.

Wapo wanaotumia rangi nyeupe ya ukuta badala ya jeso. Rangi ya bei ya chini ina chaki nyingi na gundi kidogo, ukisugua kidole kinatoka cheupe. Kama huna namna, ichanganye na gundi nyeupe robo yake, na usiitumie kwa mchoro utakaouza kwa bei ya kweli.

Kusubiri mikono yote ikauke, ukijumlisha, kunakupa saa tano au sita. Wiki ya mchoraji hailipwi na oda moja, kwa hiyo saa hizo ni za kazi: kadi ndogo za kuuza katika kijiji cha ufundi nyuma ya National Theatre, darasa la watoto, kujibu barua pepe za galari, kununua rangi iliyokwisha. Au panda kilima cha Nakasero, ingia Nommo Gallery, uangalie wenzako wanamaliza vipi kingo za michoro yao. Tazama kingo hasa. Ukingo mchafu hushusha bei haraka kuliko pua iliyopinda.

Umefaulu ikiwa: tone la maji linasimama juu ya jeso kwa muda badala ya kuzama papo hapo.

Lala. Usiguse rangi Jumanne usiku hata mkono ukiwasha.

## Hatua ya 5. Jumatano asubuhi: gridi

Chapisha picha kwa sentimita 15 kwa 20. Ukubwa huu una sababu: kanvasi yako ni mara nne yake kamili. Piga mistari ya miraba ya sentimita 2.5 kwenye picha, na ya sentimita 10 kwenye kanvasi. Pande zote mbili utapata miraba 48, sita kwa nane. Ipe namba mlalo na herufi wima.

Chora mraba mmoja mmoja, ukiangalia mstari unaingia wapi na kutokea wapi. Usichore "jicho", chora kilichomo ndani ya mraba C4.

Tumia penseli ya rangi ya kahawia, au ya risasi kwa mkono mwepesi. Risasi nzito hupanda juu kupitia rangi ya njano na nyeupe, na bibi atapata ndevu.

Umefaulu ikiwa: ukigeuza picha na kanvasi vichwa chini, michoro miwili inafanana.

## Hatua ya 6. Jumatano mchana: rangi ya chini, kisha simu kwa mteja

Chukua siena na maji mengi, funika weupe wote kwa mkono mwembamba unaoonyesha mistari. Jeso nyeupe hudanganya macho, kila rangi unayoweka juu yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo, nawe utaishia kuchora mtu aliyepauka.

Ikikauka, tumia amba peke yake kuweka vivuli: chini ya kidevu, tundu za macho, upande wa pua usio na mwanga, mikunjo ya gomesi. Hakuna rangi nyingine leo.

Sasa piga picha umtumie mteja. Muulize swali moja lililo wazi: "Mama, sura ni yake?" Ukimuuliza anaonaje, ataanza kuzungumzia rangi ya gomesi ambayo hata hujaipaka. Rekebisho lake moja linafanyika hapa, wakati kurekebisha bado ni kazi ya kupaka juu kwa rangi moja tu.

Umefaulu ikiwa: mtu aliyesimama mlangoni anamtambua bibi kwa rangi moja tu.

## Hatua ya 7. Alhamisi na Ijumaa: rangi

### Mwanga kwanza

Vitabu vya Ulaya vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii upande huo. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana linapita kaskazini, miezi mingine linapita kusini, kwa hiyo hakuna dirisha lililo salama mwaka mzima. Ning'iniza amerikani nyepesi dirishani na mwanga utatulia.

Saa mbili hadi saa tano asubuhi, na saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, ndizo saa za kuchanganya rangi ya ngozi. Adhuhuri fanya mandhari ya nyuma. Usiku, chini ya balbu ya njano, usichanganye rangi yoyote mpya, maana njano haionekani chini ya njano na asubuhi utapata uso wa mtu mwingine. Umeme ukikatika, hesabu kwamba umeokolewa.

### Mpangilio

Nyuma kwanza, kisha ngozi, kisha gomesi, mwisho hereni na mng'ao. Kilicho nyuma kikitangulia, ukingo wa shavu unaupaka juu yake na unakaa laini. Ukianza na uso, utalazimika kuuzungushia rangi ya nyuma kama mtu anayepaka ukuta kuzunguka swichi.

### Ngozi

Ngozi nyeusi haipakwi kwa rangi nyeusi. Nyeusi ya chupa hufa ikikauka, ikawa shimo kwenye kanvasi.

Changanya siena na altramarini. Ukiweka kwa kiasi kinachokaribiana utapata giza zito lenye uhai. Ongeza siena, linapata joto la shavu na sikio. Ongeza bluu, linapoa, hilo ni la chini ya kidevu na pembeni ya shingo. Kutoka chupa mbili hizo una vivuli vyote vya uso wa bibi.

Kupandisha mwanga ndiko kunakowashinda watu. Wanaongeza nyeupe kwenye kahawia, na ngozi inakuwa ya majivu. Pandisha kwanza kwa oka na chembe ya nyekundu, nyeupe iingie mwisho na kidogo. Halafu angalia paji la uso kwenye picha: kama bibi alikaa karibu na dirisha, pale panapong'aa zaidi pana ubluu-kijivu wa anga. Weka hapo mguso mmoja wa kijivu cha bluu, mmoja tu, na paji litainuka.

Anza na rangi ya kati, ile inayotawala sehemu kubwa ya uso. Ukishaiweka, vivuli na mwanga vina kitu cha kulinganishwa nacho.

Nyeupe ya jicho si nyeupe. Kwa mzee ni kijivu chenye joto, na kope la juu huidondoshea kivuli. Nyeupe ya titaniamu iweke kwenye nukta moja ya mng'ao, basi.

### Akriliki hubadilika ikikauka

Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka inakuwa angavu. Kwa hiyo kila rangi huzidi kuiva ikikauka. Kabla ya kuweka rangi usoni, paka mstari kwenye kipande cha kadibodi kilichopakwa jeso, upepee, kisha linganisha. Inachukua dakika tatu na inakuokoa nusu siku ya kurudia.

Januari na Februari rangi hukauka kwenye sahani kabla hujageuka. Tandaza kitambaa kilicholowa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Nyunyizia maji mara kwa mara. Usiku funika kwa sahani ya pili, na rangi ya Alhamisi utaikuta laini Ijumaa.

### Gomesi

Mabega yaliyochongoka ndiyo yanayosema hii ni gomesi, kwa hiyo yachore kwa ukingo mkali. Mshipi wa kiunoni uupe mikunjo michache mikubwa. Ukichora kila mkunjo ulioko kwenye picha, macho ya mtazamaji yatakwenda tumboni na kumwacha bibi peke yake juu.

Kitambaa kinachong'aa kina siri ndogo: mwanga na kivuli vinakaa jirani bila rangi ya kati ndefu. Pamba ni kinyume chake.

### Kusimama

Kila nusu saa rudi nyuma hatua tatu. Piga picha ya mchoro kwa simu, uigeuze kushoto kulia. Jicho lililopanda, ambalo umeshalizoea tangu asubuhi, litajitokeza mara moja.

Ijumaa saa kumi na moja jioni weka brashi chini. Zioshe kwa sabuni ya mche na maji baridi hadi povu litoke jeupe, uzilaze. Zikisimamishwa kichwa juu, maji huteremka shinani na nywele zinaanza kung'oka.

Umefaulu ikiwa: ukisimama mlangoni unaona uso kwanza, na mikono pili. Ukiona gomesi kwanza, punguza ukali wa rangi yake kwa mkono mwembamba wa amba na maji.

## Hatua ya 8. Jumamosi: picha, sahihi, vanishi

Sahihi chini kulia, ndogo. Nyuma ya kanvasi andika jina la mchoro, mwaka, ukubwa na vifaa.

Piga picha kabla ya vanishi, maana baada yake uso utarudisha mwanga. Usimamishe mchoro wima kivulini nje, siku ya mawingu ikiwa bora zaidi. Simu iwe sambamba na katikati ya mchoro. Rudi nyuma ukuze kidogo, usisogee karibu, kwa sababu lenzi ya simu ikikaribia hupinda kingo. Taa ya simu zima.

Kisha jaribu ukavu: sugua kona nyeusi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka safi, endelea. Kikitoka na rangi, subiri hadi jioni.

Laza mchoro, paka vanishi mkono mwembamba kwa brashi pana iliyo safi, ukienda upande mmoja bila kurudi ulikopita. Kurudi huleta povu, na povu hukauka likiwa doa jeupe. Baada ya saa tatu au nne, mkono wa pili kwa kukatisha. Funga dirisha la barabarani, vumbi jekundu la Kampala linapenda vanishi mbichi.

Sehemu uliyopaka nene kwa kisu cha rangi haitakuwa tayari leo. Hapo vanishi iache kabisa, mwambie mteja aulete mchoro baada ya wiki mbili umalizie bure. Ni bora kuliko kuufungia unyevu ndani.

Umefaulu ikiwa: ukiutazama kwa pembeni mng'ao ni mmoja, hakuna viraka.

## Hatua ya 9. Jumapili: kufunga na kukabidhi

Akriliki hubaki laini kidogo, hasa kwenye joto. Nailoni ikigusa rangi moja kwa moja inanata. Mpangilio ni huu: karatasi ya kuokea juu ya rangi, kona nne za kadibodi, kadibodi nzima mbele na nyuma, ndipo nailoni ya mapovu, mapovu yakitazama nje. Yakitazama ndani huacha alama za duara kwenye vanishi.

Kwa boda, mchoro ukae kati yako na dereva, upande wa rangi ukielekea kwako, si kwenye mgongo wake. Upepo wa barabara kubwa hukamata sentimita 80 kama tanga, kwa hiyo kama unavuka mji chukua gari.

Mchoro ukienda Nairobi kwa basi, kupitia mpaka wa Busia au Malaba, weka ndani ankara yenye jina la mchoro, ukubwa, vifaa na bei. Afisa wa forodha atauliza thamani, na jibu lisilo na karatasi huwa refu. Kama unalazimika kuuvua kwenye fremu na kuuviringisha, rangi iwe nje, kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kukunjamana.

Mteja akifika, fungua mbele yake, apokee, alipe nusu iliyobaki, mtie sahihi kwenye risiti. Kwa mtiririko huo. Mchoro uliotoka mlangoni kwa ahadi ya "nitakutumia jioni" una tabia ya kukaa ukutani miezi bila jioni kufika.

Mwambie pia pa kuutundika: mbali na jua la moja kwa moja, mbali na moshi wa sigiri, na si kwenye ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua. Bandika vipande vinne vya kizibo nyuma ya kona ili hewa ipite kati ya kanvasi na ukuta, na mchoro ukichafuka aupanguse kwa kitambaa kikavu, bila sabuni.